Vardøger, au Anayefika Kabla ya Kufika

Wadogo zangu wa kazi, mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi ya foni, ile redio ya kuitana kati ya vituo, kabla mnara wa simu haujasimama Kabambare. Nadhani mlitaka vichekesho: betri zilizovimba kama mikate, panya waliotafuna waya, sauti ya mganga mkuu ikikatika katikati ya amri, nasi tukimshukuru Mungu kwamba imekatika. Hayo yote yalikuwepo. Lakini mwezi huu nimestaafu na sina tena mkubwa wa kumwogopa, kwa hiyo nitaandika juu ya neno moja la Kinorwe. Msishangae. Nikiitazama kazi yangu yote, naona imezunguka neno hilo.

Nilianza Kasongo, katika chumba kidogo nyuma ya depo ya dawa, chini ya Papa Sefu. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa foni wa huduma yetu ya afya, mfupi, msafi, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo hata joto likiwa la kuua. Foni ilikuwa sanduku la kijivu lenye mikro ya kubonyeza ukitaka kusema, betri mbili za gari, paneli ya jua juu ya bati, na waya mrefu uliofungwa kati ya michikichi miwili. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono kwenye mikro. Papa Sefu akanitazama juu ya miwani yake.

"Siku tatu utasikia tu," akasema. "Ukigusa ile kitu leo, nitakukata kidole."

Nilikaa siku tatu nikisikia. Mwanzoni ni kelele tupu, kama mafuta ya mawese yakikaangwa. Halafu masikio yanaanza kuchambua, na ndani ya zile kelele unatoa sauti ya mtu aliye mbali siku mbili za njia. Sitasema uongo, nilipenda. Hadi leo nikikaa mahali penye kimya sana masikio yangu yanatafuta.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Pikipiki yoyote ya huduma ikitoka kituo kimoja, foni inasema imetoka. Ikifika kituo kingine, foni inasema imefika. Saa ya mawasiliano ikipita bila neno "amefika", Kasongo inaamuru kituo kilicho karibu kitoe watu wakatafute njiani. Barabara yetu mnaijua, udongo na madaraja ya magogo. Kwa hiyo katika maneno yote yaliyopita mdomoni mwetu, hakuna lililokuwa zito kama hilo moja. Papa Sefu alikuwa na sheria yake juu yake.

"Ukiona taa ya piki, haujaona mutu," aliniambia. "Ukisikia piki, haujasikia mutu. Umushike mukono kwanza, ndipo uandike amefika."

Nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa kijana, nilidhani mzee anajitafutia ukuu.

Baada ya miezi michache wakanipeleka Kabambare niwe mtu wa foni peke yangu. Nyumba ya huduma ilikuwa na baraza, ofisi yangu, chumba cha wageni na jiko la nje ambalo lilikuwa la Mama Zaina, mpishi, mwanamke wa Kibangubangu kama mimi, mwenye ulimi mkali na mkono mzuri wa kupika sombe, majani ya muhogo. Mgeni wetu wa mara kwa mara alikuwa Mama Sigrid, muuguzi kutoka Norwe, aliyesimamia chanjo za territoire, wilaya yetu nzima. Alikuwa mrefu, mkavu, na alijiendesha mwenyewe kwenye pikipiki ambayo bomba lake la moshi lilipasuka, hivyo mlio wake haukufanana na wa mtu mwingine. Alikuwa na desturi zake za kufika. Anazima injini langoni, anaiacha pikipiki itambae yenyewe hadi barazani, anakohoa mara mbili, kisha anagonga buti kwenye ngazi kutoa matope: kushoto, kulia. Na akiingia au akitoka, hafungi mlango mara moja. Anauacha wazi kidogo nyuma yake, anahesabu pumzi mbili tatu, ndipo anaurudisha. Nilidhani ni usahaulifu.

Mara ya kwanza ilikuwa kiangazi, mchana mweupe. Nilikuwa nikinakili idadi ya chupa za chanjo. Nikasikia injini ikizimwa langoni, magurudumu yakitambaa juu ya mchanga, kikohozi, kikohozi, buti ya kushoto, buti ya kulia. Bila kuinua kichwa nikasema, "Karibu, Mama." Mlango ukalia kidogo. Hakuna aliyeingia.

Nilitoka. Uwanja ulikuwa umefagiliwa asubuhi, na mistari ya ufagio ilikuwa bado imelala pale pale, mizima, kutoka langoni hadi kwenye ngazi. Hapakuwa na alama ya gurudumu wala ya unyayo. Mama Zaina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sahani ya wali tayari mkononi.

"Iko wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Usinichezee, Amisi. Nimemusikia na masikio yangu."

Tulisimama hivyo, yeye na sahani, mimi na kalamu. Wali ulipoa. Baada ya muda wa kutosha kuswali na kumaliza, injini ikazimwa langoni, magurudumu yakatambaa, kikohozi, kikohozi, kushoto, kulia, na safari hii Mama Sigrid alikuwa ndani ya sauti zake. Nilimshika mkono kwa nguvu hadi akaniuliza kama nina homa.

Ikajirudia. Si kila safari, lakini mara nyingi, na daima vilevile. Mama Zaina alisema ni jini, akafukiza ubani jikoni hadi sombe ikawa na ladha yake. Mimi nilijilaumu, nikasema kelele za foni zimenichosha masikio. Lakini masikio ya mpishi yalichoshwa na nini? Mara ya tatu au ya nne nikamweleza Mama Sigrid mwenyewe, mezani, nikitegemea atacheka au atakasirika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichovya mkate kwenye chai yake.

"Ah," akasema, "ile ni vardøger tu."

Alisema "tu" kama mtu anavyosema ni mvua tu. Ndipo nilipoogopa kweli.

Akachukua kaye yangu, daftari la foni, akaliandika neno kwenye ukurasa wa mwisho. Lina ile o yao iliyokatwa kwa mstari, kama jina lililofutwa kwenye orodha. Kwao, alisema, ni neno la kila siku, hata watu wasioamini chochote wanalo mdomoni. Mtu akiwa njiani kuja nyumbani, waliomo ndani wanasikia nyayo zake, ufunguo wake, koti lake likitundikwa. Wanaangalia, hakuna mtu. Baada ya kitambo anafika na kufanya yaleyale. Bibi yake akisikia hivyo hakutoka hata kuchungulia. Aliweka kahawa motoni, na mumewe alipoingia kweli ilikuwa tayari.

"Kwa hiyo ni muzimu," alisema Mama Zaina kutoka mlangoni.

"Hapana, Mama Zaina. Muzimu ni wa mutu amekufa. Hii ni ya mutu muzima, tena mwenye njaa."

Nilimuuliza neno limetoka wapi, maana mimi neno likiingia kwangu napenda kujua baba yake. Akalikata vipande viwili kwa kisu cha siagi hewani. Kipande cha kwanza, alisema, ni cha zamani sana na maana yake ni mlinzi. Wazee wao waliamini kila mtu ana mlinzi wake anayetembea naye, wakati mwingine mbele yake. Katika shina hilohilo limetoka jina la mafungu ya mawe wanayojenga milimani ili msafiri asipotee kwenye ukungu. Kipande cha pili kilikuwa nia, moyo unaotaka, na humo ndimo walimopata pia neno lao la kukumbuka. Vipande hivyo vimesagana kwa karne nyingi hata Wanorwe wengi hawajui tena kwamba ndani ya neno lao kuna mlinzi amesimama. Na ule mlango? Bibi yake alimfundisha asiufunge haraka, asije akamfungia mlinzi wake ndani ya nyumba ya watu.

"Na wewe mwenyewe unasikia wakati anatoka?" niliuliza.

"Hapana. Mwenyewe hajui kitu. Anajua tu anataka sana kufika."

"Na kama mutu hafiki?"

Alifikiri. Naukumbuka uso wake, haukuwa na mashaka. "Sijapata kusikia vile," akasema. "Ikifika vardøger, mutu anafika."

Basi tukaizoea, na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mama Zaina aliacha ubani, akawa akisikia anaweka maji motoni. Mimi nilianza kuandika "amefika" kwa penseli nikisikia, halafu kwa wino baada ya kushika mkono. Polepole penseli niliiona ni kazi bure, maana alikuwa anafika kweli kila mara. Nikaandika wino moja kwa moja. Kasongo walinisifu kwamba Kabambare inajibu mbio kuliko vituo vyote. Kichwa kikavimba.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Usiku wake mvua ilipiga hadi alfajiri. Mama Sigrid alikuwa amelala kituo cha katikati ya njia ya Kasongo, palipokuwa na foni na pikipiki mbili, na walitangaza kwamba ametoka saa mbili asubuhi. Nilimtegemea saa tano. Mawasiliano yalikuwa saa sita kamili, kisha saa kumi, halafu kila mtu anazima hadi kesho yake ili betri zisife. Dakika chache kabla ya saa sita, wakati nafungua foni, nikasikia injini ikizimwa langoni. Magurudumu. Kikohozi, kikohozi. Kushoto, kulia. Jikoni, Mama Zaina akabandika sufuria juu ya mafiga.

"Kabambare, Kabambare," Papa Sefu akaita. "Mama Sigrid amefika? Kwako," yaani zamu ya kusema ni yangu.

Nilibonyeza mikro nikiwa nautazama mlango. "Mama Sigrid amefika salama. Kwako."

"Iko hapo?"

"Iko hapa, Papa. Amefika."

Maji yalichemka. Mama Zaina akaongeza mengine. Yakachemka tena, akaongeza. Saa nane hakuna mtu. Nilijiambia ni pancha, ni plagi, ni matope. Nilijiambia vardøger ikifika mtu anafika, kama mtoto anayekariri somo asilolielewa. Uwanjani matope yalikuwa laini kabisa, bila alama yoyote, na nilijizuia kuyatazama. Nilijua la kufanya: saa kumi nitasema ukweli, kituo cha katikati kitatoa watu. Niliiandaa hata sentensi yenyewe.

Saa kumi ikafika. Papa Sefu alikuwa mchangamfu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Kabambare, nasikia uko na kazi muzuri. Mama iko napumzika? Kwako."

Sentensi ilikuwa mdomoni. Nikaona aibu. Ndiyo hiyo tu, hakuna jingine, wala sitaipamba: niliona aibu mbele ya mzee aliyenifundisha. Nikasema, "Iko napumzika, Papa. Kwako." Akasema vema, akafunga, na vituo vyote vikazima kimoja baada ya kingine. Kilibaki kile kimya ninachokichukia.

Ndani ya kimya hicho akaja tena. Safari hii hapakuwa na injini wala magurudumu. Ni nyayo, polepole, kutoka langoni. Hakukohoa. Alipofika kwenye ngazi aligonga buti ya kushoto. Nikaingoja ya kulia kama anayengoja hukumu. Haikugongwa. Nilichosikia ni maji yakidondoka kwenye mbao za baraza, tone, tone, na mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi.

Mama Zaina alikuja akikimbia, khanga imemwanguka begani. "Umesikia? Mugulu moja, Amisi! Mugulu moja tu! Enda! Enda sasa hivi!"

Dukani ng'ambo ya njia alikuwa amesimama motari mmoja wa Salamabila, mwendesha pikipiki ya kukodi, amebeba vipuri vya pampu ya machimboni, anakula biskuti. Sijui alichokiona usoni pangu. Alishusha mzigo wake chini, akamkabidhi mwenye duka, akaniambia nipande. Tulikwenda mbio hadi kwenye kijito chenye daraja la magogo, na jua lilikuwa bado juu ya miti.

Gogo moja lilikuwa limeviringika. Chini yake pikipiki imelala ubavu, na chini ya injini mguu wa kulia wa Mama Sigrid. Maji yalimfika mbavuni. Macho yalikuwa wazi na uso umetulia, uso wa mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Nilimwita mara tatu ndipo akageuka. Akanipa mkono mwenyewe, baridi kama jiwe la mtoni.

"Karibu, Amisi," akasema. "Ingia."

Tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi Kabambare, na siku zilizofuata akapelekwa Kasongo. Mguu ulikatwa. Daktari alisema, bila kujua anamwambia nani, kwamba kama angetolewa mchana ule ungepona. Kilichowashangaza watu ni wanawake wa sokoni: walipita juu ya daraja lile alasiri, mara mbili, na kwa kuwa hawakusikia hata mguno hawakutazama chini. Ikasemwa alikuwa amezimia. Papa Sefu naye alikuja Kabambare. Alifungua kaye yangu, akaisoma mistari miwili ya siku ile, akafuta miwani, akaisoma tena.

"Mimi niliandika vile uliniambia," akasema, akaifunga.

Hakunishtaki kwa mtu. Lakini tangu siku hiyo hadi alipoacha kazi hakuniita tena Amisi. Aliniita Kabambare, kama kituo. Iliniuma kuliko kufukuzwa.

Mama Sigrid alirudi kwao. Kila mwaka aliandika barua kunishukuru kwamba nilitoka kumtafuta, nami nilijibu habari za mvua, za chanjo, za wajukuu wa Mama Zaina. Ukweli sikuuandika. Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na nilishika mkono wa kila mgeni, wa kila dereva, wa maiti pia waliporudishwa makwao. Mlinicheka, mkanipa jina Mzee Mkono. Sasa ninyi mna simu zinazowaonyesha alama kwamba ujumbe umesomwa, na mnaandika mtu amefika. Sitawahubiria. Nawaambia tu mimi niliwahi kufanya nini.

Wiki mbili zilizopita mjukuu wake alinitafuta kwa simu ya picha. Mama Sigrid amekuwa mdogo sana, nywele nyeupe, amekaa karibu na dirisha lenye theluji. Kiswahili chake hakijamtoka. Tulisalimiana, tukamtaja Mama Zaina, Mungu amrehemu. Halafu nikasema, kwa sababu nilikuwa nimestaafu, au kwa sababu alikuwa mzee, au kwa sababu nimechoka. Nilimwambia kwamba saa sita siku ile, yeye akiwa majini, nilimsikia barazani, nikawaambia Kasongo amefika. Nilimwambia la saa kumi pia. Nililia, na sikuona haya kulia mbele ya yule mjukuu.

Mama Sigrid akasogeza uso karibu na simu.

"Najua, Amisi," akasema. "Nilikusikia."

Nikamuuliza amenisikia wapi, hakuwa na foni, alikuwa mtoni.

"Mule muto. Nilikuwa napiga kelele toka asubuhi, sauti karibu iishe. Halafu nikakusikia karibu na sikio, sawa vile uko hapa: Mama Sigrid amefika salama. Nikanyamaza. Wale wamama walipita juu yangu, niliona miguu yao kati ya magogo. Sikuwaita. Niite kwa nini? Nilikuwa nimefika." Akatabasamu kidogo, na mjukuu wake, asiyejua Kiswahili, akatabasamu naye. "Ulisema na sauti muzuri sana."